Jinsi ya kutengeneza kituo cha hali ya hewa kinachotuma taarifa kilomita nyingi bila laini ya simu

Mvua inaweza kupiga Marangu mpaka mifereji ikajaa, huku Moshi Mjini vumbi likiendelea kutimka. Wanaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro wanalijua hilo bila kuambiwa na mtu. Kipimo kilichoko mjini hakijui kilichotokea kijijini, na utabiri wa kwenye simu, hata uwe mzuri kiasi gani, haupimi mvua iliyokwisha kunyesha kwenye shamba la mtu.

Kwa mkulima hiyo siyo ishu ndogo. Mwaka 2009 Kenya ilishuhudia kuanza kwa bima ya Kilimo Salama, iliyotumia vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha kwa sola kuamua nani alipwe, na fidia ikatumwa kwa M-Pesa bila mkaguzi kukanyaga shamba. Kituo kikionyesha ukame, wakulima wa eneo lake wanalipwa. Shamba lako likikauka lakini kituo kikapata mvua, huna chako. Watu wa bima wanalijua pengo hilo vizuri, na dawa yake mojawapo ni kuwa na vituo vingi zaidi, vilivyo karibu na mashamba.

Vituo vya kitaalamu ni ghali. Ndiyo maana mafundi wa elektroniki, walimu wa fizikia na wanafunzi wa vyuo sehemu nyingi duniani wameamua kuunganisha vya kwao kwa kutumia redio iitwayo LoRa. Kinachowezekana ni kikubwa. Kinachoharibika pia ni kingi, na mara nyingi siyo pale watu wanapodhani.

LoRa ni nini hasa?

Jina hilo limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya umbali mrefu. Teknolojia yenyewe ilizaliwa Grenoble, Ufaransa, kwenye kampuni ndogo ya Cycleo, ambayo mwaka 2012 ilinunuliwa na Semtech ya Marekani.

Redio hii haitumi wimbi lililotulia sehemu moja. Inatuma milio mifupi inayopanda kutoka masafa ya chini kwenda ya juu, kama mluzi wa ndege. Mluzi unaopanda namna hiyo ni rahisi kuutambua hata kwenye kelele. Kwa mpangilio wa taratibu zaidi, mpokeaji anaweza kuusoma ujumbe ambao nguvu yake ni hafifu mara 100 kuliko kelele iliyouzunguka.

Gharama yake ni kasi. Kwenye mpangilio huo wa taratibu LoRa hupitisha takriban biti 250 kwa sekunde, kwa hiyo picha ya kilobaiti 100, ambayo WhatsApp huituma kabla hujapepesa macho, ingechukua karibu saa nzima. Lakini kituo cha hali ya hewa hakitumi picha. Kinatuma tarakimu chache, kisha kinanyamaza.

Kwenye uwanda ulio wazi, kilomita 10 hadi 15 zinawezekana. Mjini kwenye majengo mengi, 2 hadi 5 ni za kushukuru. Mtandaoni kuna habari za puto lililosikika kutoka kilomita 702 barani Ulaya mwaka 2017, na ni za kweli, ila puto hilo lilikuwa juu sana angani bila mti wala kilima cha kulizuia. Anayetaka kuweka kituo nyuma ya mlima asijipe moyo kwa habari hiyo. Kilima kimoja katikati kinatosha kukata mawasiliano.

Vifaa vinavyohitajika

Moyo wa kituo ni ubao mdogo wa kompyuta wenye redio ya LoRa. Ubao unaobeba vyote viwili, kwa mfano wenye chipu ya ESP32, huuzwa mtandaoni kwa chini ya dola 30 za Marekani kabla ya gharama za kuusafirisha. Hapo huongezwa sensa ya joto, unyevu na kanieneo ya hewa, kipimamvua, kipimaupepo, betri ya lithiamu, paneli ndogo ya sola na boksi lisiloingiza maji.

Sensa inayopendwa sana ni BME280 ya kampuni ya Bosch. Inapima vitu vyote vitatu, ni ndogo kuliko ukucha na inatumia umeme kiduchu. Kuna mtego hapa. Maduka mengi ya mtandaoni huuza BMP280 kwa jina la BME280, na kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini BMP haipimi unyevu kabisa. Njia ya kuikamata ni kuiuliza namba yake ya utambulisho kwa programu: BME280 halisi hujibu 0x60, na BMP280 ya kawaida hujibu 0x58.

Kabla ya kuwasha chochote, antena ifungwe kwanza. Redio ikitangaza bila antena inaweza kuungua. Kwa masafa ya megahezi 868, waya ulionyooka wa sentimita 8.6 hivi unatosha kuanzia majaribio, maana hiyo ni robo ya urefu wa wimbi.

Betri: hapa ndipo wengi hupigwa

Mtu akisikia "umeme kidogo" hufikiria paneli kubwa ya sola. Siri ni tofauti kabisa. Kituo kizuri hulala karibu siku nzima. Kinaamka, kinapima, kinatuma, kinalala tena.

Chukua kituo kinachoamka kila baada ya dakika 20, yaani mara 72 kwa siku. Kila kikiamka kinakaa macho sekunde 3 na kula wastani wa miliampia 50. Jumla ya siku ni kama miliampia-saa 3. Usingizini kikila mikroampia 20, siku nzima inaongeza nusu ya miliampia-saa tu. Betri moja ya saizi ya 18650 yenye miliampia-saa 2,500, kwa hesabu za karatasi, ingedumu karibu miaka miwili bila jua hata kidogo. Uhalisia utapunguza muda huo, kwa sababu betri hujimaliza yenyewe polepole na joto huichosha, lakini hata nusu yake ni zaidi ya msimu mzima wa masika.

Sasa kituo hichohicho kikiachwa macho muda wote kwa Wi-Fi, kikila miliampia 100, betri ileile inaisha kwa siku moja na kidogo.

Kati ya hizo mbili kuna kosa la kimyakimya linalowatesa wanaoanza. Programu imeandikwa vizuri, chipu inalala, lakini betri inakufa kabla mwezi haujaisha. Mwizi ni ubao wenyewe: kitaa chekundu kinachowaka kutwa, chipu ya USB isiyolala, na kidhibiti cha volti cha bei rahisi. Kidhibiti maarufu cha AMS1117 peke yake hula takriban miliampia 5 hata kama hakuna kazi. Hiyo ni miliampia-saa 120 kwa siku, na betri ya 2,500 haimalizi wiki tatu. Kung'oa kitaa na kuchagua ubao uliotengenezwa kwa ajili ya betri husaidia kuliko kuongeza paneli. Kabla ya kupeleka kituo shambani, kipimwe kwa multimita kikiwa kimelala. Namba hiyo ndiyo inayosema ukweli.

Joto nalo lina lake. Betri nyingi za lithiamu za kawaida hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na boksi lililofungwa juani Dodoma au Garissa linaweza kufika huko bila shida. Boksi liwe jeupe, likae kivulini chini ya paneli, au itumike betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma ambayo huvumilia joto vizuri zaidi.

Ujumbe wa baiti 10

Redio ndiyo inayokula chaji zaidi, kwa hiyo kila herufi inayotumwa ina bei. Anayeanza huandika "joto ni 28.4, unyevu ni 71" na kuutuma kama SMS. Anayejua huondoa maneno yote na kubakiza namba. Joto la 28.4 linaandikwa 284 na kuchukua baiti 2. Unyevu baiti 1. Kanieneo 2. Mvua 2. Wastani wa upepo 1, upepo wa ghafla 1, hali ya betri 1. Jumla ni baiti 10, na upande wa pili programu hurudisha kila namba mahali pake.

Muda wa kutangaza ujumbe huo hutegemea ngazi ya LoRa, kuanzia SF7 ya haraka hadi SF12 ya mbali. Kwa kutumia utaratibu wa LoRaWAN, baiti hizo 10 huchukua takriban sekunde 0.06 kwa SF7, sekunde 0.37 kwa SF10, na karibu sekunde 1.5 kwa SF12. Yaani ujumbe uleule unaweza kula chaji mara 24 zaidi kwa sababu tu kituo kimewekwa mahali pabaya na kinalazimika "kupiga kelele" polepole ili kisikike.

Na siyo chaji peke yake. The Things Network, mtandao wa jamii ulioanzia Amsterdam mwaka 2015 na ambao watu wengi huutumia bure, unaomba kila kifaa kisizidishe sekunde 30 za kutangaza kwa siku. Kwa SF10, kutuma kila dakika 15 kunavuka kiwango hicho, ila kila dakika 20 kunaingia. Kwa SF12 kituo kinabaki na ujumbe 20 tu kwa siku, usiofika hata mmoja kwa saa. Kuinua antena mita chache juu mara nyingi hutatua tatizo ambalo mtu angehangaika nalo wiki nzima kwenye programu.

Jambo moja dogo huokoa takwimu nyingi: mvua isitumwe kama "kiasi cha dakika 20 zilizopita". Itumwe kama jumla inayoendelea kupanda, kama namba za mita ya umeme. Ujumbe wa LoRa hupotea, na hupotea zaidi siku ya dhoruba, wakati ambapo takwimu zinahitajika kuliko siku zote. Jumla inayopanda haiharibiki kwa ujumbe mmoja kupotea, kwa kuwa unaofuata unabeba yote.

Kipimamvua: kijiko kinachopinduka

Ndani ya kipimamvua cha aina hii kuna vijiko viwili vilivyokaa kama pembea ya watoto. Maji yakijaa kimoja, kinapinduka na kumwaga, kingine kinapanda kupokea. Kila kikipinduka, sumaku inapita mbele ya swichi na kompyuta inahesabu moja. Wazo hilo ni la zamani: Christopher Wren, msanifu wa Kanisa Kuu la St Paul's la London, anatajwa kuwa na kifaa cha namna hiyo katika karne ya 17.

Vipimamvua vingi huhesabu milimita 0.2 kwa kila mpinduko. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita mraba, na hapo ndipo mtu anaweza kukagua kifaa chake jikoni bila mtaalamu. Mdomo wa kipimamvua ukiwa na upana wa sentimita 16, eneo lake ni sentimita mraba 201, hivyo kila mpinduko unapaswa kubeba mililita 4 hivi. Pima mililita 402, weka kwenye chupa yenye tundu dogo la sindano, acha maji yadondoke polepole kwa saa moja au zaidi. Hesabu ikitoka 100, kifaa kiko sawa. Ikitoka 90 au 110, kuna skrubu chini ya vijiko za kurekebisha. Ikitoka karibu 200, swichi inadundadunda na kuhesabiwa mara mbili, na dawa yake iko kwenye programu: ipuuze mpigo wowote unaofuata mwingine ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Kingine kinachokosewa ni usingizi. Kompyuta ikiwa imelala, nani anahesabu mvua? Swichi ya kipimamvua inatakiwa iunganishwe kwenye pini inayoweza kuiamsha chipu kila kijiko kinapopinduka, iongeze moja na kulala tena bila kuigusa redio. Kituo kinachosubiri dakika 20 zake ndipo kitazame mvua kitakuwa kimekosa karibu mvua yote.

Baada ya hapo wanabaki maadui wa kawaida: buibui wanaosuka utando ndani ya vijiko, nyigu, majani, na ndege wanaokipenda kipimamvua kama choo. Kituo kilichoziba huonyesha sifuri, na sifuri ya kuziba inafanana kabisa na sifuri ya ukame. Kwa mkulima anayesubiri fidia au anayeamua kupanda tena, hizo ni sifuri mbili tofauti sana. Ndiyo maana kopo la kawaida lenye pande zilizonyooka, likiwekwa pembeni na kupimwa kwa rula kila asubuhi, bado lina kazi yake.

Wapo waliolikwepa tatizo hili kwa ubunifu wa kiwandani. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, umeweka vituo zaidi ya 500 katika nchi za Afrika, ikiwemo Kenya na Uganda. Kifaa unachotumia hakina sehemu inayozunguka wala kupinduka: mvua inahesabiwa kwa matone, na upepo kwa mawimbi ya sauti. Vingi vimewekwa shuleni, ambako kuna uzio, kuna macho ya watu, na wanafunzi wanajifunza kwa takwimu za uwanja wao wenyewe. TAHMO hutuma kwa mtandao wa simu. LoRa huingia pale ambapo simu haishiki, au ambapo vituo 20 vya eneo moja havihitaji laini 20 za kulipiwa bando.

Mahali pa kukiweka

Sensa nzuri mahali pabaya inadanganya kwa tarakimu mbili baada ya nukta. Kipimajoto kikipigwa na jua moja kwa moja kinajipima chenyewe, siyo hewa, na kinaweza kuzidisha nyuzi kadhaa. Kwa vituo vya zamani kuna sanduku jeupe lenye pande za mbao kama luva, lililobuniwa na Thomas Stevenson, baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson. Kwa kituo kidogo, visahani vyeupe vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kuachiwa nafasi ya hewa vinafanya kazi hiyohiyo.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, linataka joto lipimwe kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini na upepo kwenye mita 10. Wachache wana nguzo ya mita 10 nyumbani. Anayepima upepo kwenye mita 2 au 3 aandike hivyo kila anapotoa takwimu, kwa sababu upepo wa chini ni mdogo na hauwezi kulinganishwa na wa uwanja wa ndege. Kipimamvua kiwe mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Juu ya bati la nyumba siyo mahali pake, hata kama panaonekana salama dhidi ya wezi.

Kituo mama kinachopokea

Upande wa pili panahitajika kituo mama, kifaa kinachosikiliza redio na kupeleka taarifa kwenye intaneti. Hicho ndicho kinachohitaji umeme na bando muda wote. Cha matumizi ya ndani hupatikana kwa karibu dola 100, na kimoja kinaweza kusikiliza mamia ya vituo vidogo. Paa la shule, mnara wa msikiti au wa kanisa ni sehemu nzuri kuliko dirishani. Umeme ukikatika hapo, vituo vyote vinakuwa vinaongea na ukuta, kwa hiyo betri ya akiba ya kituo mama ni muhimu kuliko ya kituo kingine chochote.

Asiyehitaji intaneti anaweza kuruka yote hayo: redio mbili za LoRa, moja shambani na nyingine nyumbani yenye kioo kidogo, zinatosha kumwonyesha mwenye shamba mvua ya usiku bila seva wala usajili wa mtandao.

Vibali

Masafa hayachaguliwi kwa bei. Moduli za LoRa huuzwa za megahezi 433, 868 na 915, na mtu anaweza kuletewa ya 915 iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Kabla ya kuagiza, masafa yanayoruhusiwa na utaratibu wa kuidhinisha vifaa vya redio huulizwa kwa mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda.

Kwa Tanzania kuna hatua ya ziada. Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 inaipa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kazi ya kusimamia shughuli za hali ya hewa nchini, ikiwemo usajili wa vituo, na anayetaka kusimika kituo anapaswa kuwasiliana nayo kwanza. Kutangaza utabiri au tahadhari ya mvua kubwa kwa umma ni kazi ya TMA, hata kama kituo cha kijiji kimeiona mvua hiyo mapema.